Shemeji yangu ana asili ya Slovakia, ukoo wake tunautafutia wapi?

MtuWaNyegezi
Mwangaluka wakuu. Dada yangu kaolewa na Mmarekani wa Pennsylvania, wanakaa hapahapa Mwanza, sasa watoto wao wakienda kwa bibi Ngudu wanatajiwa ukoo wa upande wetu mpaka wanasinzia, wakiuliza upande wa baba shemeji anaishia kwa babu yake tu, kwamba alikuwa Mslovaki, alivuka bahari kabla ya vita kuu ya kwanza akaenda kuchimba makaa ya mawe basi. Nimejitolea kumtafutia maana mi ndo mwenye bando. Shida karatasi zinagongana, sensa ya Marekani ya 1910 mzee kazaliwa Hungaria, ya 1930 mzee huyohuyo kazaliwa Czechoslovakia, halafu cheti cha ndoa cha kanisani kinasema katokea "Saros". Huyu ni mtu mmoja kweli?

Chepe_Kirumba
Yaani mahari mshakula ndo mnauliza ukoo 😂😂

BabuIgoma
Ni mmoja, wala usihangaike. Mpaka 1918 Slovakia yote ilikuwa ndani ya ufalme wa Hungaria, baada ya vita ikaingia Czechoslovakia, kuwa nchi peke yake ni 1993. Mzee hakuhama, mipaka ndo ilihama. Na hiyo Saros usiitafute kama kijiji, ulikuwa mkoa, Wahungaria waliandika Sáros, Waslovaki wanasema Šariš, mji wake mkuu Eperjes ndo Prešov ya leo. Ni kama mtu wa Misungwi ndanindani huko ukimuuliza kwenu wapi anakujibu Mwanza.
Sasa usikimbilie vitabu vya Slovakia kabla hujapata jina la kijiji, utapotea. Anza na karatasi za Marekani. Tafuta fomu zake za kuomba uraia, zile za baada ya Septemba 1906 ndo zimejaa maelezo, mahali alipozaliwa, meli aliyokuja nayo, siku aliyofika. Halafu orodha ya abiria wa meli, kuanzia 1907 waliandika mpaka jina na anwani ya ndugu aliyebaki nyumbani, mara nyingi baba au mke. Hapo ndo kijiji kinapojificha.

Dogo_Mabatini
Na jina la ukoo si walibadilishiwa pale Ellis Island, kile kituo cha kupokea wahamiaji New York, na wale maofisa wa uhamiaji? Huyo hampati ng'o

BabuIgoma
Hiyo hadithi kila familia ya Marekani inayo, ila sio kweli. Orodha iliandikwa na watu wa meli hukohuko bandarini, Bremen au Hamburg, maofisa wa Ellis Island walikuwa wanasoma majina kwenye karatasi iliyokuja na meli. Jina wengi walibadili wenyewe baadaye, mgodini au kwenye uraia. Kwa hiyo kwenye meli mtafute kwa jina la zamani, na tahajia ujaribu zote.

MamaParokia
Mdogo wangu, mimi nimeshika vitabu vya ubatizo miaka mingi parokiani, ngoja nikwambie kitu. Kijiji ukishakipata uliza kilikuwa chini ya parokia gani, maana kule nako kulikuwa na vigango, mtoto kazaliwa kigangoni lakini jina lake liko kwenye kitabu cha kijiji jirani chenye padri. Watu wanasema hayupo kumbe wamefungua kitabu sicho. Halafu muulize shemeji walikuwa dhehebu gani, Wakatoliki wa Roma, Wakatoliki wa Kigiriki (hawa wako chini ya Papa ila ibada zao ni za kimashariki, na mapadri wao wengi kule walikuwa na wake, msishtuke) au Walutheri, kila dhehebu na kitabu chake. Serikali ilianza kuandikisha vizazi Oktoba 1895, kabla ya hapo ni kanisa tu. Na ukimpata soma wasimamizi wa ubatizo pia, jirani na shangazi wamo humo.

MtuWaNyegezi
Dada shikamoo, asante sana. Shemeji anasema bibi yake alikuwa Mkatoliki wa Kigiriki. Na fomu ya uraia nimeipata usiku huu!! Kijiji kimeandikwa wazi ila kwa Kihungaria, leo kina jina lingine. Sasa vitabu vyenyewe mpaka niende Slovakia?

BabuIgoma
Wapi, nenda FamilySearch, tovuti ya kutafuta koo, bure, unafungua akaunti tu. Wameskani vitabu vya makanisa ya Slovakia na sensa ya Hungaria ya 1869 ipo pia, inaonyesha nyumba kwa namba na wote waliolala humo. Vile vya zamani Kilatini, János utamkuta ni Joannes, kuanzia miaka ya 1840 vingi ni Kihungaria. Vya Wakatoliki wa Kigiriki vingine vina herufi kama za Kirusi, ukikwama weka picha hapa.

MamaParokia
Marahaba. Kwa Kihungaria jina la ukoo linatangulia, na mwanamke akiandikwa kwa jina la mume linaongezwa "né" mwishoni, usije ukamwandika bibi kama mwanaume.

Chepe_Kirumba
Mkifika kwa babu wa saba mtuambie ng'ombe walikuwa wangapi