Gari ya nguvu, tairi za kiangazi na baridi kavu bila theluji: niendelee au niipaki?

Kona_Kali:

Wakuu, habari za majukumu.

Nina gari inayosukumwa na tairi za nyuma, injini ya turbo, nguvu za farasi mia nne na ushee. Tairi ni zile zile ilizokuja nazo, za kiangazi, pana: 255/35 R19 mbele na 275/35 R19 nyuma. Kashata, yaani yale matuta ya mpira yanayogusa lami, bado zipo za kutosha, nyuma zimebaki milimita 5.

Sasa baridi imeingia. Asubuhi dashibodi inasoma nyuzi 3 au 4, mchana inapanda mpaka 10 hivi. Theluji hakuna, barafu sijaiona, lami kavu kabisa. Lakini gari imebadilika tabia. Nikitoka kwenye maegesho nimekunja usukani mpaka mwisho, mbele inarukaruka na kugonga, du-du-du, naisikia mpaka kwenye nyayo. Nikiweka gia ya pili na kukanyaga mafuta kidogo tu, nyuma inasota na taa ya utelezi inawaka. Na leo taa ya upepo wa tairi imewaka kabla sijafika mwisho wa mtaa.

Fundi kainyanyua, katikisa kila jointi, kasema mbele pako salama. Jamaa mmoja kanishauri niwe nayumba kushoto kulia dakika chache ili tairi zipate moto, kama wanavyofanya kwenye mashindano. Mwingine kasema mradi hakuna theluji, hakuna shida.

Je, naweza kusubiri theluji ya kwanza ndipo nibadilishe? Gari inalala nje. Naomba kuwasilisha.

Babu_Dizeli:

Mkuu, unajipa hofu bure. Mimi nina gari ya kawaida, tairi za kiangazi, kila mwaka nabadilisha siku theluji ikitanda na sijawahi kupata tabu. Punguza mguu, basi.

FundiMpira:

Kona_Kali, karibu. Kazi yangu ni kufunga na kufungua tairi, na kila msimu kama huu gari za aina yako huja na malalamiko haya haya matatu. Nitakujibu kwa urefu maana jambo hili limenikaa moyoni: watu wanasubiri theluji wakati hatari imeshaanza.

Nianze na mlio wa maegeshoni. Ukikunja usukani, gurudumu la ndani linazunguka duara dogo kuliko la nje, kwa hiyo linatakiwa lijikunje zaidi. Gari za nguvu mara nyingi hutengenezwa magurudumu ya mbele yakunje karibu sawa, kwa sababu hiyo inasaidia kona za kasi. Gharama yake unailipa kwenye mwendo wa kutambaa: ukikunja mpaka mwisho, tairi moja haiviringiki sawasawa, inaburuzwa kiubavu. Wakati wa joto mpira unajipinda na kuumeza ule mburuzo, husikii kitu. Kwenye baridi mpira umekuwa mgumu, hauwezi kujipinda, basi unashika, unaachia, unaruka, unashika tena. Ndiyo hiyo du-du-du yako. Fundi wako hakukosea. Rudisha usukani kidogo kutoka mwisho na itapungua sana, na ukifunga tairi za baridi mara nyingi inaisha kabisa. Ingebaki hata siku za joto, hapo ningekwambia urudi ukakague jointi.

Kwa hiyo usiuchukulie ule mlio kama kero ya maegeshoni tu. Huo ni mpira wenyewe unakuonyesha hali yake, na mpira huo huo ndio unaoutegemea kwenye breki.

Mpira wa tairi ya kiangazi umechanganywa ufanye kazi ukiwa na joto. Ukipoa unapoteza ulaini wa kuingia kwenye vile vinundu vidogo vidogo vya lami, na kushika barabara kwenyewe ni huko. Utasikia sana watu wakitaja nyuzi 7. Hiyo ni kanuni ya kukadiria, usiichukue kama swichi. Tairi ya kiangazi ya gari ya kawaida inaweza kukuvumilia chini ya hapo kwenye lami kavu, na ndiyo maana Babu_Dizeli hajaona tabu. Tairi zako ni mchanganyiko mwingine, na nyuma yake kuna nguvu za farasi mia nne. Zile za nusu-mashindano, zenye mifereji ya kuhesabika, huanza kugoma mapema zaidi, na lami ikilowa kwenye baridi ndiyo mbaya kuliko zote.

Kuhusu kuyumba kushoto kulia: acha. Wa mashindano wana mwendo, mzigo na kona za kutosha kuipasha tairi mpaka ndani, na barabara yao haina mtu anayekuja mbele. Wewe utapasha ngozi ya juu tu, ukinyoosha barabara kilomita moja upepo umeshaipoza. Kusotesha nyuma ni vivyo hivyo, tena unakula kashata. Na angalia jambo moja linalowaponza wengi: kipimo cha joto la oili kinapanda, dereva anajiambia gari imeshapata moto, anakanyaga. Oili iko ndani ya injini. Tairi iko kwenye lami ya nyuzi 3.

Taa ya upepo ni hesabu nyepesi. Kila joto likishuka nyuzi 5 na nusu hivi, tairi inapoteza takriban psi 1 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi). Kama ulijaza 36 siku ya nyuzi 25, asubuhi ya nyuzi 3 umeshapoteza 4. Ongeza na ule upepo unaotoka wenyewe, kama psi 1 kwa mwezi. Miezi minne bila kupima, uko 28. Jaza asubuhi gari ikiwa haijatembea, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni. Usijaze ukiwa umetoka safari, utadanganyika.

Na sasa lile ninaloliogopa zaidi, maana umesema gari inalala nje. Joto likishuka chini ya nyuzi 7 chini ya sifuri, tairi hizi hazitelezi tu, zinaweza kupasuka. Watengenezaji wa tairi za nguvu wenyewe wanaonya: tairi ikishapigwa na baridi ya namna hiyo, iachwe irudi taratibu kwenye nyuzi 5 au zaidi kwa saa 24 kabla ya kuikunja kwa namna yoyote. Kuikunja maana yake ni pamoja na kuijaza upepo, kuivalisha rimu, hata kuisogeza gari hatua mbili tu. Na wanakataza kuipulizia hewa ya moto. Nyufa za aina hii kwa kawaida hazimo kwenye dhamana.

Nimezishika kwa mikono tairi zilizopatwa na hayo. Kwa mbali ni nzima, nyeusi, zina kashata nzuri. Ukiwasha tochi na kuibinya kashata kwa kidole gumba, unaona mstari mwembamba kama unywele chini kabisa ya mfereji, unakwenda na duara la tairi. Pembeni vipande vimebanduka kwenye pembe za kashata, na kingo zake ni kali, hazijasagika. Mara nyingi ni bega la ndani, lile ambalo mwenye gari haoni mpaka gari inyanyuliwe. Mtu alikuwa amekuja kuhifadhi tairi tu, akaambiwa nne zote ni za kutupwa.

Kwa hiyo jibu langu: usisubiri theluji. Asubuhi zikishazoea kuwa chini ya 7, badilisha.

Babu_Dizeli:

Dada FundiMpira, hilo la kupasuka sikuwahi kulisikia. Shukrani. Hata hivyo gari ya mwenzetu si ina mitambo ya kuzuia utelezi? Haimsaidii?

FundiMpira:

Inamsaidia, Babu, lakini inagawa kile kilichopo. Breki zisizofunga gurudumu na ule mfumo wa kuzuia utelezi hutumia mshiko ambao mpira umeupata. Mpira ukitoa kidogo, mitambo inagawa kidogo. Na tairi ina akiba moja tu ya mshiko: ukitumia sehemu kubwa kufunga breki, inayobaki ya kukata kona ni ndogo. Wakati wa joto akiba hiyo ni kubwa mno huoni mwisho wake. Kwenye baridi unaufikia kwenye mzunguko wa kawaida, ukiwa na mwendo wa kawaida.

Nne_kwa_Nne:

Naongezea kwa wenye gari zinazovuta tairi zote nne kama mimi. Tunadanganyika kuliko wote. Gari inaondoka vizuri, haisoti, unaona mambo sawa. Kwenye kusimama, kila gari ina breki nne, hapo hatuna nyongeza yoyote. Mimi siku hizi nabadilisha mapema kuliko majirani zangu, na natamani kila mwenye gari ya hivi afanye hivyo.

Kona_Kali:

Nashukuru sana wakuu, na dada FundiMpira Mungu akubariki kwa muda wako. Nimejaza upepo, taa imezima, ila kurukaruka kupo pale pale kama ulivyosema. Nimeamua kubadilisha. Ninunue za misimu yote au za baridi kabisa? Na je, nikifunga mbili tu za nyuma, kwa kuwa ndizo zinazosukuma, haitoshi?

FundiMpira:

Mbili tu hapana, kabisa. Ukifunga nyuma peke yake, nyuma itashika na mbele itakataa kukata kona na kusimama. Ukifunga mbele peke yake ndiyo mbaya zaidi, mkia utakupita. Nne zote, aina moja.

Za misimu yote au za baridi, inategemea baridi yako. Kama ni asubuhi za nyuzi 3 na theluji ya kupita, za misimu yote zilizo nzuri zitakutosha. Kama barabara hukaa na theluji na barafu, chukua za baridi. Vyovyote vile, angalia ubavuni alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Hiyo ina maana tairi imepimwa kwenye theluji. Herufi M+S (matope na theluji, kwa Kiingereza) peke yake ni maelezo ya mtengenezaji tu. Ujerumani tangu Oktoba 2024 barabara ikiwa na theluji au barafu wanaitambua ile ya mlima pekee, na naona wamefanya sawa.

Kama rimu za inchi 18 zinapita kwenye breki zako, zichukue, na tairi nyembamba kidogo. Ubavu mrefu unavumilia mashimo, na tairi nyembamba inakata theluji laini na tope lake vizuri zaidi. Lakini zijaribu kwanza kabla ya kununua, breki za gari hizi ni kubwa na rimu nyingi hugusa. Kipenyo cha nje kibaki karibu sawa, namba ya uzito, yaani mzigo ambao tairi inaweza kubeba, isishuke chini ya ile ya kiwandani. Herufi ya mwendo angalia pia: H ni kilomita 210 kwa saa, V ni 240. Ukifunga H, hiyo 210 ndiyo dari yako hata kama gari inaweza zaidi.

Kona_Kali:

Sawa kabisa. Nimepata rimu za 18 zinazopita. Tatizo ni kwamba nimepangiwa kufungwa keshokutwa asubuhi, na usiku wa kesho wanatabiri nyuzi 9 chini ya sifuri. Niende tu taratibu hiyo asubuhi?

FundiMpira:

Usiende. Ihamishe leo, kungali na joto la mchana, uiingize kwenye gereji iliyofungwa au maegesho ya chini ya ardhi. Hata pasipo na hita, mahali palipofungwa huwa na baridi kidogo kuliko nje, weka kipimajoto cha ukutani uhakikishe.

Ukikosa pa kuiingiza, iache hapo hapo na uwapigie simu, waje na magurudumu mapya yakiwa yameshavaa rimu. Gari inanyanyuliwa ilipo, haiviringiki hata kidogo. Za zamani zifunguliwe, zibebwe, zisiburuzwe wala kudundishwa chini, zikapumzike ndani saa 24 kwenye joto la zaidi ya nyuzi 5. Baada ya hapo ndipo uzikague kwa tochi, mifereji yote, na bega la ndani usilisahau. Zikiwa salama, ziweke mahali pakavu na penye giza, mbali na mashine za umeme zinazozunguka, maana hutoa gesi ya ozoni inayopasua mpira.

Na nati za magurudumu mapya zikazwe kwa spana ya kipimo, ile inayopima nguvu ya kukaza, kisha zirudiwe baada ya kilomita 50 hivi.