Piero Umiliani: je, Moggi na M. Zalla ni yeye?

Swali: Ndugu zangu, ninapenda muziki wa Piero Umiliani, mtunzi wa Italia aliyezaliwa Firenze mwaka 1926, lakini baadhi ya santuri zinazosemekana ni zake zina majina ya Moggi na M. Zalla. Je, wote ni mtu mmoja?

Jibu la kwanza: Naam, ni yeye; hayo ni majina yake ya bandia. Mbali na muziki wa filamu, alitunga muziki wa maktaba, yaani muziki unaorekodiwa kabla ya picha kuwapo na kuwekwa akiba, ili watayarishaji wa televisheni na redio wauchague na kuulipia wanapouhitaji. Alikuwa na studio yake mjini Roma, Sound Work Shop, na humo alijaribu sintesaiza, yaani ala ya umeme inayounda sauti, kwa uhuru ambao, kwa maoni yangu, mwongozaji wa filamu asingempa.

Jibu la pili: Nakubaliana nawe, ndugu, ila tusisahau jazi. Katika muziki wake wa filamu Audace colpo dei soliti ignoti ya Nanni Loy, mwaka 1959, tarumbeta ilipigwa na Chet Baker, mwanajazi Mmarekani.

Jibu la tatu: Wimbo wake uliovuma kuliko yote ni Mah Nà Mah Nà wa mwaka 1968, uliotungwa kwa ajili ya tukio la sauna katika filamu Svezia, inferno e paradiso na kuimbwa na Alessandro Alessandroni, yule yule aliyepiga mluzi katika muziki wa filamu wa mtunzi Ennio Morricone. Vikaragosi vya Muppets ndivyo vilivyoueneza duniani.