Nikiamua nimekosa, nikiuliza nimekosa: nifanyeje na mwajiri ambaye ni baba yangu mdogo?

Msimamizi_Mbale ameuliza:

Habari zenu, ndugu. Ninasimamia duka la vifaa vya ujenzi hapa Mbale, na mwenye duka ni baba yangu mdogo, ambaye ndiye aliyenilipia karo kuanzia sekondari hadi nilipopata diploma ya uhasibu. Aliponikabidhi duka alitangaza mbele ya wafanyakazi kwamba mimi ndiye meneja, niamue mwenyewe, wala nisimpigie simu kwa kila jambo. Baadaye fundi mmoja ambaye ni mteja wetu wa siku nyingi aliomba mifuko 40 ya saruji kwa mkopo. Nikampa, akatia sahihi kwenye daftari la madeni. Jioni baba mdogo alilifungua daftari, akaweka kidole kwenye mstari ule na kuuliza ni nani aliyeniruhusu kugawa mali yake. Alipokuja fundi mwingine nilipiga simu kwanza, nikajibiwa kwamba ikiwa siwezi kuamua jambo dogo kama hilo, basi analipa mshahara wa nini. Wa tatu nikamkatalia, nikaambiwa ninafukuza wateja.

Nilipomwomba kwa adabu anieleze ni lipi hasa nilifuate, alisema kwamba mtoto aliyelelewa vizuri hamhoji mzee. Mama ananisihi nivumilie kwa sababu ya fadhila tulizotendewa, na mama huyo huyo ananilaumu kwamba nimekuwa mnyonge. Wengine wananikumbusha kwamba mshika mbili moja humponyoka, lakini mimi sikuzishika kwa hiari yangu, nimeshikishwa. Nikiacha kazi nitaitwa asiye na shukrani. Siku hizi nikisikia gari lake likiegeshwa nje, hata hesabu rahisi hunipotea. Je, tatizo ni mimi?

Mwalimu_Jinja amejibu:

Pole sana, dada. Tatizo si akili yako, na hali unayoieleza imechunguzwa kwa muda mrefu. Mwaka 1956 Gregory Bateson, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Uingereza, pamoja na Don Jackson, Jay Haley na John Weakland, walichapisha nchini Marekani makala kuhusu hali ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuiita kifungo cha pande mbili. Walieleza kwamba mtu hufungwa pale anapopewa amri yenye tishio la adhabu, kisha akapewa amri nyingine inayoipinga ile ya kwanza, mara nyingi kwa sauti au kwa uso na si kwa maneno, na juu ya hizo mbili pakawepo katazo la tatu linalomzuia kutoka katika uhusiano huo. Haya yote hujirudia, tena kati ya watu ambao hawawezi kupuuzana.

Walitoa mfano wa kijana mgonjwa wa akili aliyekuwa amepata nafuu, ambaye mama yake alikuja kumwona hospitalini. Kijana alifurahi na kumzungushia mama mkono mabegani, mama akakakamaa. Alipouondoa mkono, mama akamuuliza kama hampendi tena. Alipoona haya, akaambiwa asiziogope hisia zake. Mtazame kijana huyo: akikumbatia amekosa, akiacha amekosa, na akionyesha kwamba ameumia amekosa pia.

Ni lazima niseme kwamba watafiti hao waliamini mawasiliano ya namna hii huchangia kuleta skizofrenia, yaani ugonjwa mkali wa akili, na dai hilo halikuthibitishwa na utafiti uliofuata. Liliwabebesha wazazi wengi, hasa akina mama, lawama wasiyostahili. Kwa hiyo mtu yeyote asije akakuambia kwamba mama yako anakutia wazimu. Kilichobaki na thamani ni maelezo yao ya jinsi mtu anavyofungwa. Kwako wewe, kufuli haliko katika amri zile mbili, kwa maana kila kazi ina amri zinazogongana. Liko katika kauli kwamba mtoto mwema hahoji, kwa sababu hiyo ndiyo inayokunyima nafasi ya kuzitaja.

Mhasibu_Arua amejibu:

Mwalimu ameeleza vizuri, nami naongeza la kiutendaji. Usimuulize tena ni amri ipi ufuate, kwa sababu swali hilo linamwonyesha kwamba amejipinga, na mzee hatalikubali. Andika utaratibu wa mikopo kwenye ukurasa mmoja: nani anakopeshwa, hadi kiasi gani bila wewe kumpigia simu, na kwa muda gani. Mpelekee ukimwambia kwamba unataka kuilinda mali yake, na umwombe arekebishe anapoona pamepungua. Tena ufahamu kwamba Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni, amweleze sababu na kumsikiliza, mfanyakazi huyo akiwa pamoja na mtu aliyemchagua mwenyewe.

Binti_wa_Kasese amejibu:

Sikubaliani na Mhasibu kuhusu sheria. Kumtajia baba mdogo sheria ni hatua ya mtu ambaye amekwisha kuamua kuondoka, na dada hajasema hivyo. Hata karatasi, ukiipeleka peke yako, inaweza kuonekana kama hati ya mashtaka. Mtafute kwanza mtu ambaye baba mdogo humsikiliza, shangazi au baba mkubwa, azungumze naye faraghani, kamwe si dukani mbele ya vijana wa kupakia mizigo. Nadhani naye amebanwa: anataka aonekane amekuachia duka, ilhali kila shilingi inayotoka bado inamuuma. Mtu mzima wa rika lake anaweza kumwambia hivyo bila kumvunjia heshima, jambo ambalo wewe huwezi.

Msimamizi_Mbale amejibu:

Nawashukuru nyote. Shangazi yuko Tororo, nitamwendea kabla ya kupeleka karatasi yoyote. Kwa Mhasibu: je, kiwango nikiandike kwa mifuko au kwa shilingi?

Mhasibu_Arua amejibu:

Binti wa Kasese ana haki, anza na shangazi. Kiwango kiandike kwa shilingi, kwa sababu bei hupanda na kushuka, na fundi hachukui saruji peke yake. Atachukua na nondo na mabati, kisha mtaanza kubishana kama vinahesabiwa.