Mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi akigombea, katusaliti au katuwakilisha?

Wakuu, juzi kijiweni jamaa kasema mtu akitoka chama cha wafanyakazi akaenda kuchukua fomu, ujue toka mwanzo alikuwa anatafuta ngazi tu. Mimi nimepiga kazi miaka minne kiwanda cha mbao huko Mafinga, nalisha magogo kwenye msumeno, na mwenyekiti wetu wa tawi alikuwa moto kwelikweli, siku mwenzetu kakatwa vidole viwili yeye ndo alizima mashine akasema hapasuliwi gogo hapa mpaka huyu apelekwe hospitali na gari la bosi. Uchaguzi ukaja akapata udiwani. Tukimpigia sasa hivi "niko kikaoni". Kwa hiyo jamaa namwelewa.

Ila mcheki Johan Nygaardsvold wa Norway. Kaanza kazi kiwanda cha mbao kwao Hommelvik ana miaka 12, katoto kabisa, akaja kuzamia Amerika akafanya vibarua vya mbao na reli, karudi kwao, 1916 akaingia bungeni kwa chama cha Leba, 1935 huyo waziri mkuu. Mwaka uliofuata tu wakapitisha pensheni ya wazee na sheria ya kazi yenye likizo ya malipo siku 9. Mtasema siku 9 ndo nini, nyie hamjawahi kukohoa vumbi la mbao wiki nzima. Hayo angeyapata kwa kupiga kelele getini?

Sasa kwetu. Rashidi Kawawa katokea TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika, Januari 1962 kawa waziri mkuu wa Tanganyika, na mwaka huohuo zikapita sheria zilizofanya kugoma kihalali kuwe kama ndoto, 1964 TFL yenyewe ikafutwa ikaja NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, chini ya serikali. Mzee namheshimu, Simba wa Vita, na najua mtakuja na ya nchi changa, lakini mfanyakazi alibaki na nini mkononi? Kule Norway, 1935 hiyohiyo, shirikisho lao la wafanyakazi lilikaa lenyewe na waajiri likasaini mkataba mkuu, halikusubiri kwanza mtu wao awe waziri mkuu.

Ndo maana nasema aende, hata urais agombee, ila kiti akiachie kabla hajachukua fomu na haki ya kugoma asiiguse. Wanaopinga karibuni, matusi hapana.

Diwani wetu mpaka leo jina lake liko kwenye ubao wa tawi, mwenyekiti.