Naombeni ushauri: vidonge vya majira vimenifanya nichukie harufu ya mume wangu

BintiMbeya: Habari zenu wakuu. Nimeolewa, tuna mtoto mmoja, alipoacha kunyonya nikaanza vidonge vya majira. Sasa harufu ya mume wangu siivumilii. Sio jasho, anaoga vizuri tu, ni harufu yake mwenyewe, ile ya shingoni na kwenye mto, zamani akisafiri nalala na shati lake. Saivi nikifua nguo zake naziba pua na khanga, hata vitunguu vikikaangwa natoka nje. Nimehamia kulala na mtoto. Nibadili niweke vijiti?

Mzee wa Kibaoni: Mama zetu walikuwa na vidonge? Rudi chumbani kwa mumeo.

Mtoto wa Tandale: Mnunulie jamaa pafyumu yaishe 😂

Mama Wawili: Mimi nilichoma sindano ya miezi mitatu, harufu haikunisumbua, shida ilikuja nilipoacha, mimba ikachelewa weee, mama mkwe akaanza maneno eti nimekula mizizi, mpaka leo hatusalimiani vizuri yule mama.

Pua Kali: Dada hujachanganyikiwa. Mwaka 1995 kule Bern, Uswisi, Claus Wedekind na wenzake waliwapa wanaume tisheti walale nazo usiku 2, halafu wanawake wakazinusa. Wasiotumia vidonge walipenda zaidi za wanaume ambao jeni zao za kinga hazifanani na zao, wanaotumia ikawa kinyume. Ila tafiti za baadaye hazikukubaliana, usivunje ndoa kwa ajili ya tisheti.

BintiMbeya: Asante!! Nilijua tu ni vidonge.

Nesi Dodoma: Subiri kwanza mdogo wangu. Vitunguu navyo vimeolewa na wewe? Pakiti unayomeza sasa umefika kidonge cha ngapi?

BintiMbeya: Dada nesi... pakiti iliisha sikurudi kuchukua nyingine. Harufu ilianza baada ya hapo. Mume hajui, yeye anataka tuezeke nyumba kwanza ndo tuongeze mtoto. Lakini si dawa inabaki mwilini? Na vijiti nimeshaongea na mtu aniwekee Ijumaa, kwahiyo naomba msinikatishe tamaa.

Nesi Dodoma: Homoni za vidonge hazikai, ukiacha zinatoka ndani ya siku chache, mimba inaweza kuingia mwezi huohuo. Hedhi ya mwisho lini?

BintiMbeya: Sikumbuki vizuri. Ila mimba hapana, ya kwanza sikuchukia harufu yoyote.

Kamanda Mstaafu: Hii chai wakuu. ID ya leo, mara anameza mara hamezi, mwanamke gani hajui tarehe zake? Huyu dume anatunga.

Mtoto wa Tandale: Hata mimi nilishtuka, mods fungeni uzi.

Mama Wawili: Nyie mnajua nini, ukishaacha vidonge tarehe zinavurugika, wengi tu hatukumbuki.

Nesi Dodoma: Chai au sio chai, kuna dada anasoma hapa kimya kimya na yamemkuta. Mimba zinatofautiana, ya pili inaweza isifanane na ya kwanza, na kuchukia harufu ghafla ni dalili ya mapema kabisa. Kipimo cha mkojo kipo duka la dawa, pima kabla ya Ijumaa, vijiti haviwekwi kwa mjamzito. Ukikuta huna mimba, useme pia kama uliugua mafua makali au Uviko, navyo vinaharibu pua.

BintiMbeya: Nimewasoma wote. Kipimo nitanunua kesho, ila sio duka la hapa mtaani, muuzaji ni wifi yangu.