Mdogo wangu anataka uhandisi wa programu, mjomba hataki. Wenye uzoefu nisaidieni

Mkazi_wa_RangiTatu:
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu wa kike kamaliza kidato cha sita, PCM, kafaulu vizuri. Tangu mzee atangulie mbele ya haki, mambo ya shule yake tunaamua mimi na mjomba. Dogo kashikilia uhandisi wa kompyuta, tena upande wa programu. Mjomba ni fundi umeme wa siku nyingi, alipita pale Morogoro Road na Bibi Titi enzi hizo panaitwa Dar Tech, kabla hapajawa DIT mwaka 1997. Yeye anasema mhandisi ni mtu wa spana na mita, hayo mengine mtoto anayapata YouTube akiwa kitandani. Mimi nauza vifaa vya ujenzi Mbagala, sina cha kumjibu. Hivi wanasoma nini miaka yote 4? Na mjomba ana hoja au hana?

Chizi_Maji:
Natia nanga hapa, ngoja wajuzi waje.

DadaWaSeva:
Kaka, kwanza mjomba mpe shikamoo yangu. Mimi nimesoma uhandisi wa kompyuta hapahapa Dar, sasa nipo kwenye ofisi ndogo Kijitonyama inayotengeneza mifumo ya malipo, kwa hiyo nasema ninachokiishi.

Mjomba hayuko peke yake. Mwaka 1968 NATO waliitisha mkutano Garmisch, Ujerumani, wakaupa jina la uhandisi wa programu, na jina lenyewe lilikuwa la uchokozi. Programu za wakati ule zilikuwa zinachelewa, zinakula hela kuliko bajeti na zinakuja na makosa kibao, wakajiuliza kwa nini wasifanye kazi kwa nidhamu kama wanaojenga madaraja. Ubishi wa nyumbani kwenu una umri wa mjomba.

Mwaka wa kwanza dogo asitegemee kutengeneza app. Sisi tulipigwa hesabu mpaka basi, kalkulasi na matriki, umeme wa mwanzo (hapo mjomba atamsaidia), mantiki ya sifuri na moja, na C, lugha ya kuandikia programu. C ndiyo inayochuja watu. Pointa (thamani inayoonyesha mahali nyingine ilipo) zikianza, desa la kukariri halisaidii, maana unasimamishwa ubaoni uchore kumbukumbu ya kompyuta, kila thamani inakaa wapi na nani anaielekezea. Sapu, yaani mitihani ya kurudia, zilitembea. Mwaka wa pili ni miundo ya data, hifadhidata (ghala la taarifa za mfumo), mitandao, hayo kila chuo wanayo.

Utamu uko mwaka wa tatu. Tulikuwa na mhadhiri mmoja, mama mkimya sana. Kundi likisimama kuonyesha mfumo wao wa malipo, anawaacha waseme yote, halafu anasogea mezani. Mkishabonyeza "Lipa", anachomoa waya wa mtandao. Anakaa kidogo, anaurudisha, anabonyeza "Lipa" tena. Kisha anasema, "Haya, nionyesheni salio." Kwa makundi mengi salio lilikuwa limekatwa mara mbili! Ombi la kwanza lilifika salama, jibu ndilo lililopotelea njiani, na mfumo haukuwa na namna ya kujua kwamba ombi la pili ni lilelile.

Dawa yake ni hii: simu inatengeneza namba ya kumbukumbu kabla haijatuma chochote, na ikirudia inatuma namba ileile. Seva, yaani kompyuta ya ofisini inayopokea maombi, ikikuta namba hiyo imeshashughulikiwa, haigusi hela, inarudisha jibu la mwanzo. Mwanafunzi hapo anadhani kamaliza. Bado. Maombi mawili yenye namba moja yakiingia kwa pamoja, yote yanauliza kama namba ipo, yote yanajibiwa haipo, yote yanakata. Kwa hiyo hifadhidata yenyewe unaiamuru ikatae namba kujirudia, hutegemei programu ikague.

Hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku, kaka. Mtu yuko Buza, umeme umekatika saa nne usiku, mtandao unayumba, ananunua LUKU na kubonyeza kwa hasira.

Msela_wa_Python:
Dada umeeleza vizuri, ila hayo yote yapo bure mtandaoni. Mimi sina digrii, nimejifunza kwa bando la usiku na wateja ninao. Miaka 4, halafu Bodi ya Mikopo ianze kukata asilimia 15 ya mshahara. Ya nini?

DadaWaSeva:
Sikukatalii. Ofisini kwetu yupo mmoja wa aina yako na kwa kuandika programu ananizidi mbali. Mimi chuo kilinipa kitu ambacho nisingekitafuta mwenyewe: kulazimishwa kusoma nisichokipenda na kufanya kazi na nisiyempenda. Mradi wa kundi, watu watano, mmoja anaonekana siku ya kuwasilisha tu, kavaa tai. Bahati nzuri kuna Git, ile aliyoitengeneza Linus Torvalds mwaka 2005. Inaweka rekodi ya kila badiliko, nani kalifanya na lini. Yule mama alikuwa anaisoma kabla hajagawa maksi. Mwenye tai alipata haki yake.

Chuo nacho kina vituko vyake, nisikifagilie sana. Sisi mtihani wa kuandika programu tulifanyia kwenye karatasi, kwa kalamu, na nukta-mkato ukiisahau unakatwa maksi. Mpaka leo sijaona mteja anayetaka programu ya kalamu.

Kingine, kaka, dogo akienda PT (mafunzo kwa vitendo) asikubali kukaa sehemu anabadilisha wino wa printa mpaka muda unaisha. Aombe apewe kosa moja dogo kwenye mfumo wanaoutumia kweli, alihangaikie hilo.

Mkazi_wa_RangiTatu:
Dada, ubarikiwe. Mjomba nimemsomea ile ya waya, kacheka sana, kasema huyo mama ni fundi. Hajasema ndiyo, ila kauliza kama mtoto atasajiliwa uhandisi. Na laptopu ninunue ipi, maana bei zinanitisha.

DadaWaSeva:
Bodi ya Usajili wa Wahandisi inaangalia digrii uliyosoma, kwa hiyo waulizeni wenyewe kabla hamjajaza maombi, mkiwa na jina kamili la kozi. Majina yanafanana na yanachanganya. Sayansi ya kompyuta ya miaka 3 na uhandisi wa kompyuta wa miaka 4 usizihesabu kuwa kitu kimoja.

Laptopu, ya mtumba inatosha kabisa. RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, GB 8 isipungue, diski iwe SSD, ile ya kasi. Muuzaji akikuimbia "i7, i7", hiyo ni prosesa, muulize ya kizazi cha ngapi, maana i7 ya zamani inapitwa na i5 ya juzi. Kariakoo usilipie kabla hujaiwasha bila chaja na kuiacha iwake muda wa kutosha, betri ndiyo wanapokupigia. Na nenda na dogo mwenyewe, akabonyeze kibodi yote herufi kwa herufi.