GMC ya 1/35: nusu ya gurudumu la nyuma na taa moja havipo. Naagiza au natengeneza?

Kibuye_Jumapili (Kisumu)
Wadau, habari zenu. Nina modeli ya plastiki ya GMC CCKW-353, lori la kijeshi, kwa kipimo cha 1/35, boksi la mitumba. Upande wa boksi wenye namba umechanika. Nimelinganisha fremu zote (zile fito za plastiki zinazoshikilia vipande) na karatasi ya maelekezo, nikakuta mapungufu mawili. Kila gurudumu ni nusu mbili zinazogandishwa mgongo kwa mgongo, na kwenye gurudumu moja la nyuma nusu ya nje haipo. Halafu taa moja ya mbele haipo pia. Vingine vyote vipo, hata turubai.

Je, kuna namna ya kuagiza kipande kimoja tu? Na kama ni kutengeneza, nianzie wapi? Vifaa nilivyo navyo: kisu, msasa, venia (kipimo cha milimita chenye taya), gundi ya modeli na gundi ya supa. Printa ya 3D sina.

RimuSita (Nakuru)
Kwanza jua ni kiti (yaani kit, seti ya vipande vya modeli) cha kampuni gani. Angalia ukingo wa fremu na upande wa chini wa chasi, ndani. Mara nyingi jina la kampuni na mwaka vimechongwa hapo. Mwaka huo ni wa kalibu, yaani umbo la kumiminia plastiki kiwandani, si wa boksi lako, kwa hiyo usishangae ukiona wa zamani sana.

Kuhusu kuagiza: huduma za vipuri za viwandani kwa kawaida zinauza fremu nzima, si kipande. Tamiya kwa mfano huchapa kwenye maelekezo orodha ya herufi za fremu na namba zake za kuagizia. Andika namba ya kiti, herufi ya fremu, namba ya kipande. Kama magurudumu yako kwenye fremu inayokuja mara mbili ndani ya boksi, unahitaji moja tu. Tatizo ni kwamba taa huenda iko kwenye fremu nyingine, kwa hiyo ni fremu mbili, na nauli ya posta inaweza kuzidi bei ya plastiki yenyewe. Magurudumu ya GMC ya resini (kimiminika kinachoganda kuwa kigumu kama plastiki) pia yanauzwa mtandaoni, lakini ni seti nzima. Kulipia magurudumu kumi kwa sababu ya nusu moja, sioni hesabu.

Kabla ya kutoa hata shilingi, tazama lori lenyewe. Lina magurudumu mawili mbele na manane nyuma. Kati ya hayo manane, manne yako ndani, yamefichwa na wenzake. Toa zuri la ndani ulilete nje, halafu pale ndani weka kitu chochote cha mviringo chenye kipenyo kilekile, ukipake rangi ya tairi. Hakuna atakayekiona isipokuwa apindue modeli.

Msasa800 (Kakamega)
Mkuu RimuSita, wazo ni zuri lakini asikimbilie. Kwenye viti vingi magurudumu ya ndani yana uso bapa, rimu haijachongwa kabisa, kwa sababu hiyo hiyo kwamba hayaonekani. Kibuye, yaweke mezani ya nje na ya ndani uyalinganishe kabla hujapaka gundi popote.

Na usijaribu kunakili la mbele. Kwenye lori hizi rimu ya mbele imetuna kwa nje, ila ya nyuma ya nje imezama ndani. Ukiweka ya mbele nyuma, anayeijua GMC ataona akiwa mlangoni.

Kibuye_Jumapili
Asanteni. Nimeangalia: ya ndani ni bapa kweli, meno ya tairi yapo lakini rimu ni sahani tu. Kipenyo ni milimita 26 kwa zote, na nusu moja ina unene wa milimita 3. Kwa hiyo kuhamisha hakusaidii?

RimuSita
Nimekubali, Msasa800 ameniwahi.

Msasa800
Hakusaidii, lakini una bahati ambayo hujaiona. Kinachokosekana ni nusu, na nusu ina mgongo bapa. Kitu chenye mgongo bapa kinanakiliwa kwa kalibu ya upande mmoja, wazi juu. Gurudumu zima lingekutaka kalibu ya vipande viwili, na hapo ndipo wengi hukwama.

Nenda duka la vifaa vya madaktari wa meno, uliza silikoni ya kuchukulia alama za meno, ile nzito kama unga uliokandwa, makopo mawili. Usikubali alijineti, ile poda ya kuchanganya na maji. Ni rahisi, lakini inakauka na kusinyaa, na baada ya saa chache kipimo chako cha 26 hakipo tena.

Chukua nusu nzuri ya nje. Kama mgongo wake una shimo la pini, lizibe kwa plastisini. Ibandike kwenye kipande cha kioo, uso juu, kwa tepu ya pande mbili. Chota silikoni kiasi sawa kutoka kila kopo, kanda kwa nusu dakika mpaka rangi iwe moja bila michirizi. Michirizi ikibaki, sehemu hizo hazitashika. Na tafadhali usivae glovu za mpira wa kawaida: salfa iliyomo inazuia silikoni hii isigande, utabaki na uji unaonata kwenye modeli. Mikono mitupu iliyooshwa inatosha.

Kijidonge kidogo kwanza, kigandamize katikati ya rimu kwa kidole, ukisukume kwenda nje taratibu ili hewa itoke mbele yake. Kisha ongeza nyingine juu mpaka unene ufike angalau milimita 5 kila upande. Kalibu nyembamba inapinda, na tairi linatoka yai. Una kama dakika mbili za kufanya kazi, na joto la Kisumu mchana litazipunguza. Fanya asubuhi, au weka makopo kwenye friji nusu saa kabla.

Ikishagandamana, iondoe kwenye kioo, ikunje kidogo, nusu ya plastiki itachomoka yenyewe. Silikoni haishiki plastiki, haihitaji mafuta.

Faiba_na_Bodi (Eldoret)
Sasa ya kumimina. Anaweza kutumia resini ya mafundi wa faiba wanaotengeneza bampa? Ni rahisi kupata kuliko epoksi ya kumimina.

Msasa800
Inawezekana, ila ina tabia zake. Hadina, ile dawa ya kuigandisha, ni asilimia 1 hadi 2. Kwa mililita 10 za resini hayo ni matone mawili hadi manne, basi. Ukizidisha inachemka na kupasuka. Kiasi kidogo hivi hakijipashi joto vizuri, na upande unaogusa hewa unabaki unanata, kwa hiyo ufunike kwa plastiki ya kujalidia vitabu mara tu umalizapo kumimina. Tena isiguse modeli yako ikiwa bichi: ina stairini, inayeyusha plastiki ya modeli, na vikombe vyeupe vya kutupa pia. Hadina ikiruka jichoni ni balaa; vaa miwani, fanyia nje.

Kwa kazi ya nusu moja tu, mimi ningechukua gundi ya epoksi ya mirija miwili, ile ya kukauka polepole. Ya dakika tano inanasa viputo kabla havijapata nafasi ya kupanda juu. Nusu yako inataka chini ya mililita 2, changanya 3. Vipimo sawa, koroga polepole dakika mbili bila kupiga. Kwa kijiti cha meno paka resini kwanza kwenye nati za rimu na kwenye meno ya tairi, kila pembe. Ndipo ujaze. Ijaze mpaka ivimbe kidogo juu ya ukingo, funika kwa hiyo plastiki ya vitabu, weka kipande cha kioo juu bila kukandamiza kwa nguvu. Ukikandamiza, kalibu inatanuka na tairi linazidi 26. Acha saa 24.

Kibuye_Jumapili
Nimeelewa. Je, naweza kuigandisha kwa gundi ya modeli kama vingine?

RimuSita
Hapana. Gundi ya modeli inafanya kazi kwa kuyeyusha plastiki pande zote mbili. Epoksi haiyeyuki, kwa hiyo itakaa siku mbili kisha idondoke. Gundi ya supa hapo. Osha kipande kwa sabuni kwanza, na usugue mgongo kwa msasa namba 400 juu ya kioo mpaka unene usome 3 kwenye venia. Viputo vilivyobaki vijaze kwa tone la gundi ya supa, kisha msasa.

Kabla ya kugandisha magurudumu yote kwenye ekseli, simamisha lori juu ya kioo. Yote kumi yaguse. Likielea moja, kosa liko kwenye tundu la ekseli, halikupata katikati. Tia alama ya katikati kwa venia, usibahatishe kwa jicho.

Faiba_na_Bodi
Na ukifikiria kuchapisha kwa printa ya mtu: printa ya 3D ya waya wa plastiki yenye tundu la milimita 0.4 usiipelekee kazi hii. Kwa 1/35 hiyo 0.4 ni sawa na milimita 14 kwenye lori halisi. Nati za rimu zitatoka kama ugali uliomwagika. Printa ya resini inaweza, mpe mwenye printa venia yako apime mwenyewe.

Msasa800
Taa nilikuwa naisahau. Anza nayo, ndiyo ya kujaribia mkono. Silikoni kidogo, chovya taa iliyopo uso chini mpaka kwenye shina, isubiri, ichomoe, jaza epoksi. Pia ipime kipenyo: ikikaribia milimita 5, balbu ya LED ya milimita 5 kutoka kwa fundi redio inaweza kukupa lenzi. Kata kichwa chake, sugua ule ukingo wa chini uishe. Lakini hapo badilisha taa zote mbili, maana lenzi moja inayong'aa kando ya moja ya rangi ya fedha ni mbaya kuliko taa iliyokosekana.